ALIYE KITANDANI ANASEMEWA NA NANI?

Habari ya mfagiaji mmoja wa Cyanzarwe, na wajibu wetu kwa wasichana wanaolelewa katika nyumba za malezi

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi katika kurasa hizi tumeandika juu ya mishahara, saa za zamu na posho za usiku. Safari hii tunaleta habari ya namna nyingine, ingawa mkifika mwisho mtaona kwamba nayo ni habari ya mishahara na mikataba. Ni habari ya msichana aliyelazwa hospitalini, na ya mama mfagiaji ambaye aliona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona.

Mama huyo tulimfuata nyumbani kwake katika sekta ya Cyanzarwe, wilaya ya Rubavu. Ukitoka mjini Gisenyi unaliacha Ziwa Kivu nyuma yako na kupanda kuelekea kwenye volkano, mpaka ufike penye mashamba yaliyozungushiwa mawe meusi, karibu na mpaka wa Kongo. Hapo ndipo anapolima viazi katika kipande cha shamba la kukodi. Zamani alikuwa mfanyakazi mwenzetu. Jina lake hatulitaji, wala la hospitali, wala la nyumba ya malezi, na mambo mawili matatu tumeyabadili ili msichana asitambulike. Yaliyobaki tumeyasimulia kama tulivyoyapokea kwake, na kwa muuguzi aliyekuwa naye zamu, ambaye ni mwanachama wa chama chetu.

USIKU ULE KATIKA WODI

Msichana aliletwa jioni na gari la nyumba ya malezi. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi, na kwa miaka mingi hakuwa na kwao pengine ila nyumba ile. Akili yake huenda polepole, na maneno humtoka machache. Aliletwa kwa maumivu ya tumbo. Pamoja naye alikuja mlezi wa nyumba ile, mwanamke mwenye heshima zake, na kila swali la daktari alilijibu yeye. Umri, alijibu mlezi. Amekula nini, alijibu mlezi. Siku zake za mwezi ni lini, mlezi akajibu kwamba msichana huyu hajui mambo hayo. Daktari aliandika yote katika faili kama alivyoambiwa, maana wagonjwa walikuwa wengi na yeye alikuwa peke yake.

Ndugu msomaji, anayefanya kazi ya wodi anajua kwamba daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, muuguzi humwona mara kadhaa kwa zamu, lakini mfagiaji yumo chumbani muda mwingi, tena hakuna amwoneaye haya. Watu husema mbele yake kama vile hayupo. Mama huyu aligundua jambo dogo. Kila jioni dereva wa nyumba ya malezi alileta uji. Siku ya kwanza baada ya dereva kuondoka, kitanda cha msichana kilikuwa kimelowa. Siku ya pili vilevile. Mchana hakilowi, usiku wa manane hakilowi.

“Shuka zile nilizibadili mara mbili,” alituambia, “na mara zote mbili ni baada ya uji kuletwa. Tena alikuwa amejifunga mkanda wa kitambaa kiunoni, mafundo matatu, na hataki mtu aufungue, hata akienda kuoga.”

Alimwendea muuguzi akamwambia, “Muganga, huyu mtoto anamwogopa mtu.” Muuguzi angeweza kumjibu kwamba kazi yake ni ufagio. Hakumjibu hivyo. Alimwambia, “Mama, kaa naye wakati mimi namtafutia mlezi shughuli nje.”

Mlezi alikataa kutoka. Alisema kwamba yeye ndiye mama wa msichana, na kwamba mgonjwa wa namna hii hawezi kuachwa peke yake na wageni. Muuguzi alishikilia kwamba katika wodi kila mgonjwa hupimwa faraghani, awe waziri au awe ombaomba. Maneno yakawa marefu. Baada ya nusu saa simu ililia ofisini. Aliyepiga alikuwa mkubwa mmoja wa hospitali. Alisema nyumba ile ni marafiki wa hospitali, msichana amekwisha kupata dawa, basi aandikiwe hati ya kuruhusiwa, gari linakuja kumchukua.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Muuguzi alikuwa peke yake na mwanafunzi mmoja wa uuguzi na mfagiaji mmoja. Hakuwa na ushahidi ila shuka mbili na mkanda wenye mafundo. Alikuwa na watoto wawili shuleni. Aliandika katika kitabu cha zamu, kwa saa na dakika, kwamba mgonjwa bado ana maumivu na kwamba hawezi kumruhusu kabla ya kuonwa na daktari asubuhi. Halafu akatia sahihi. Gari lilikuja, likakaa langoni, na mlinzi hakulifungulia, kwa kuwa hakukuwa na karatasi.

Usiku huohuo mama mfagiaji alikaa kitako kando ya kitanda, akamsemesha msichana Kinyarwanda cha kwao vijijini, habari za kupika na kuteka maji. Karibu na alfajiri msichana alisema neno moja. Alisema hataki kurudi. Asubuhi mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliitwa, na baada yake polisi. Kesi ilikwenda katika vyombo vinavyohusika, na kwa kuwa sisi si mahakama, hapo tunaiacha. Msichana hakurudi kule.

MALIPO YA KUSEMA

Je, waliomlinda walilipwa nini? Muuguzi alihamishwa wodi wiki mbili baadaye bila kupewa sababu. Chama kiliandika barua, kikaenda kuonana na uongozi mara tatu, na mwishowe alirudishwa mahali pake. Kwa hilo twaweza kujisifu kidogo.

Lakini mama mfagiaji hakuwa mwajiriwa wa hospitali. Aliajiriwa na kampuni ya usafi iliyopewa kandarasi, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mkataba ulipokwisha haukuandikwa tena. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna barua ya kulalamikia. Na alipokuja kwenye tawi letu kuomba msaada, aliambiwa kwamba yeye si mwanachama, na wafanyakazi wa kandarasi hawamo katika mapatano yetu na hospitali. Aliyemjibu hivyo hakukosea kwa mujibu wa karatasi. Lakini jibu lile limetukaa kooni mpaka leo, na ndilo lililotufanya tupande Cyanzarwe.

KWA NINI WASICHANA HAWA

Pengine mtu atauliza kwa nini tunashughulika na wasichana wa nyumba za malezi kuliko wagonjwa wengine. Jibu ni kwamba mgonjwa mwingine ana shangazi atakayepiga kelele mlangoni. Msichana wa nyumba ya malezi hutegemea mkono mmoja kwa kila kitu. Mkono unaomlisha ndio unaomleta hospitali, ndio unaomjibia maswali, ndio unaotia sahihi, na ndio unaomrudisha. Mkono ule ukiwa mwema, vizuri. Ukiwa mbaya, au ukiwa mwema lakini unaogopa fedheha, msichana hana pa kwenda. Akiwa na ulemavu wa akili au hawezi kusema, hatari huzidi, maana mtesaji hujiambia kwamba huyu hatasadikiwa.

Hapa Rwanda jambo hili lilitazamwa kwa macho makali. Mwaka 2012 serikali ilikubali mpango wa kubadili malezi ya watoto, baada ya uchunguzi kuonyesha watoto na vijana 3,323 wakiishi katika nyumba 33 za yatima. Katika wilaya hii yetu ya Rubavu ilikuwamo nyumba ya Noel ya Nyundo, moja ya zile kubwa kabisa nchini. Mwaka 2013 ulianzishwa mpango wa Tubarerere mu Muryango, maana yake “tuwalee katika familia”, ukiungwa mkono na UNICEF. Watoto wengi walirudishwa kwa ndugu zao au walipewa familia za kuwalea, na katika kila umudugudu wakawekwa watu wa kujitolea waitwao Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, mwanamume na mwanamke, wa kuangalia watoto wanaishije.

Hiyo ni kazi kubwa na ya kusifiwa. Hata hivyo, watoto wenye ulemavu ndio waliokawia kutoka, kwa sababu familia za kuwapokea ni chache na mahitaji yao ni mengi. Wengine walikuwa wakubwa kabla zamu yao haijafika. Na wala tusidhani kwamba familia, kwa kuwa ni familia, haina milango ya kufungwa. Awe katika nyumba kubwa au ndogo, siku moja msichana huyu atapita hospitalini. Hapo ndipo mlango hufunguka kwa saa chache, na sisi ndio tuliosimama mlangoni.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya nchi maskini. Tarehe 29 Desemba 2018, katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, mwanamke wa miaka 29 alijifungua mtoto katika nyumba ya matunzo iitwayo Hacienda HealthCare. Alikuwa ametunzwa humo tangu utotoni. Hawezi kusema wala kujisaidia. Kwa miezi yote ya mimba alioshwa, alilishwa na kugeuzwa kitandani, na wafanyakazi walipopiga simu ya dharura walisema hawakujua kwamba ana mimba. Polisi walitumia vipimo vya DNA, na Januari 2019 wakamkamata muuguzi mmoja wa nyumba ileile. Desemba 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Tuitafakari habari hiyo bila kujificha. Nyumba ilikuwa na vyombo vya kisasa kuliko vyetu. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia, au mtu aliyeangalia na kuthubutu kusema. Na aliyetenda alikuwa mfanyakazi wa afya kama sisi, si mgeni aliyeruka ukuta.

Karibu na kwetu, nchini Kenya, Mahakama Kuu iliyoketi Meru ilitoa hukumu tarehe 27 Mei 2013 katika kesi iliyojulikana kama ya wasichana 160. Wasichana walikuwa wamenajisiwa, wakapata hifadhi katika nyumba ya usalama ya hapo Meru, lakini polisi hawakuchunguza malalamiko yao ipasavyo. Mahakama ilisema kwamba uzembe ule wenyewe ulivunja haki za wasichana. Funzo lake kwetu ni kwamba mwenye dhamana akikaa kimya, hawezi kujitetea kwamba yeye hakumgusa mtu.

NJIA ZILIZOPO

Ndugu wafanyakazi, hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2009 kilifunguliwa kituo cha Isange katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru, Kigali, na baadaye vituo vya namna hiyo vikaenezwa katika hospitali za wilaya. Isange maana yake ni “jisikie uko kwenu”. Humo mtu hupata daktari, polisi, mshauri na msaada wa sheria mahali pamoja, bure, bila kuzungushwa ofisi kwa ofisi akirudia habari yake kwa kila mtu. Simu ya Isange ni 3029, ya polisi kwa ukatili wa kijinsia ni 3512, na ya watoto ni 116. Ziandikwe ukutani katika kila chumba cha zamu, hata jikoni na kwenye kibanda cha mlinzi.

Tukumbuke pia kwamba saa zinakimbia. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianzwe haraka iwezekanavyo, wala zisipite saa 72 tangu tendo. Za kuzuia mimba zisipite siku 5. Kwa hiyo anayesema “tungoje mkubwa arudi Jumatatu” anafunga mlango kwa mgonjwa. Na ikiwa mimba imekwisha kuingia, sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018 iliondoa haja ya kwenda kwanza mahakamani. Mimba ya kubakwa, au ya msichana ambaye bado ni mtoto kwa sheria, yaweza kutolewa na daktari kwa masharti yaliyowekwa. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa hayo kwa maneno anayoyaelewa, kisha aamue mwenyewe kwa kadiri awezavyo.

Kuhusu nyumba zenyewe, Rwanda iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu chake cha 16 kinataka kila mahali panapohudumia watu wenye ulemavu pakaguliwe na chombo kilicho huru. Nyumba haiwezi kujikagua yenyewe, wala kukaguliwa na marafiki zake.

Na kuhusu sisi tunaosema, ipo sheria ya mwaka 2017 ya kuwalinda watoa taarifa. Upo pia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa Geneva Juni 2019 na kuridhiwa na Rwanda mwaka 2023, ambao unataka walalamikaji, mashahidi na watoa taarifa walindwe wasilipiziwe kisasi. Maneno ni mazuri. Lakini mfagiaji wa miezi mitatu halindwi na karatasi ambayo hakuna mtu wa kuishika kwa niaba yake.

TUNAYOTAKA MATAWI YAFANYE

Kwanza, kila tawi lidai kwa maandishi kwamba mgonjwa yeyote aliyeletwa na nyumba ya malezi aonwe faraghani, bila aliyemleta, na mbele ya wafanyakazi wawili, mmoja wao awe mwanamke. Ikiwa ni kanuni kwa wote, hakuna mlezi atakayeona ametuhumiwa, na hakuna muuguzi atakayebishana peke yake usiku.

Pili, pakiwa na shaka, mgonjwa asiruhusiwe kwa simu ya mkubwa. Anayetaka atoke aje aandike na kutia sahihi yake katika kitabu. Wengi wakiambiwa hivyo hawaji.

Tatu, anachokiona mfagiaji, mpishi, dobi au mlinzi kiandikwe kama kinavyoandikwa anachokiona muuguzi. Kiandikwe kilichoonekana na saa yake, si uvumi. Na habari ya msichana isitoke nje ya wanaohusika. Umbea wa kantini humwumiza mara ya pili.

Nne, wafanyakazi wa kandarasi waandikishwe katika chama, na mapatano yetu na waajiri yawataje. Ada yao iwe ya kadiri yao.

Tano, nalo ni neno gumu. Mwanachama wetu akituhumiwa kumwingilia mgonjwa, chama kitahakikisha anasikilizwa kwa haki, kama sheria inavyotaka. Lakini hakitamficha, hakitawatisha mashahidi, wala hakitamwombea ahamishiwe hospitali nyingine kimyakimya. Mshikamano si ukuta wa kujifichia. Kuhamisha mtu wa namna hiyo ni kumpelekea mgonjwa mwingine balaa.

TULIVYOAGANA

Mama wa Cyanzarwe hakutulalamikia. Alitukaribisha viazi na maharage, akatuuliza habari za watu wa wodi mmoja mmoja kwa majina. Tulimpa salamu kutoka kwa muuguzi, na habari kwamba msichana sasa yuko katika familia, kwamba amejifunza kusuka vikapu, na kwamba mkanda wake ameuacha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi.”

Tulipokuwa tunaondoka alitusindikiza mpaka barabarani, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo alipotuuliza swali lake. “Na yule aliyechukua ufagio wangu, yeye mmemwandika katika chama?”

Tulimwambia kweli. Matawi mengine yameanza kuwaandikisha wafagiaji wa kandarasi, na tawi la hospitali ile bado. Alitikisa kichwa, akatuambia kwamba usiku ule yeye hakujua kama angepoteza kazi, na kwamba angejua, hana hakika kama angesema. “Nina watoto,” alisema.

Ndugu wafanyakazi, mtu aliyesema ndiye anatuambia kwamba huenda angenyamaza. Tusitegemee basi kwamba kila wodi itapata shujaa. Tuweke mambo hivi kwamba hata mtu wa kawaida, mwenye watoto na mkataba mfupi, aweze kusema “huyu mtoto anamwogopa mtu” na kesho yake arudi kazini. Mkutano wa matawi unapokutana, swali la mama huyu liwe la kwanza katika ajenda, na kila katibu aje na hesabu ya wafagiaji aliowaandikisha.

Mshikamano daima.